Ng'ombe Aliyejifunza Kulia

"Namba Saba hayupo," alisema Dokta Fabiola Akonaay, akilizunguka zizi kwa mara ya pili, kana kwamba ng'ombe wa kilo mia nne anaweza kujibanza nyuma ya pipa la maji.

"Hayupo," alikubali shemeji yake Gabrieli, aliyekuwa amekaa mlangoni akila kiporo cha viazi.

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Shemeji, yupo au hayupo?"

"Hapa hayupo. Huko aliko, yupo."

Fabiola aliuma midomo, maana akicheka tu amekwisha. Huyu bwana alimwoa dada yake Odilia miaka kumi na mitatu iliyopita, na tangu siku ya harusi hajawahi kumjibu swali lolote moja kwa moja. Siku nyingine angemwacha ajizungushe mpaka achoke, lakini leo hapakuwa na nafasi ya utani. Keshokutwa, Ijumaa, jopo la wataalamu lingekaa kuamua kama ng'ombe aina ya Tulizo watoke kwenye majaribio na kugawiwa kaya elfu sita za nyanda za juu. Fabiola ndiye aliyewatengeneza hao Tulizo, na kazi hiyo ilimla miaka kumi na moja. Ng'ombe ishirini wa majaribio walikuwa wakiishi majumbani kwa watu tangu mvua za mwaka jana. Kumi na tisa walifanya sawasawa na alivyoahidi. Aliyekuwa akimtoa jasho ni Namba Saba peke yake.

Kila Tulizo alivaa sikioni hereni ya njano iliyopeleka Kituoni, kwenye kituo cha utafiti alikofanyia kazi Fabiola, joto la mwili, mapigo ya moyo na lita zilizoingia kwenye dumu. Mahali alipo haikupeleka. Wenyeji walilikataa hilo mkutanoni katakata, kwa sababu huku Mbulu mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake hadharani wala haulizi wamelala wapi, na Kituo kikakubali ili yaishe. Kwa hiyo Fabiola alijua kila kitu kuhusu moyo wa Namba Saba isipokuwa mahali ulipokuwa ukipigia. Na moyo huo, kwa wiki kumi na moja sasa, uliruka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kisha ukatulia kuliko mioyo ya wenzake wote. Maziwa nayo yalikuwa lita kumi na nne badala ya kumi na nane.

"Umemuuza?" aliuliza.

"Mungu apishe mbali! Nimempeleka akakae kwa Mama Tluway, ng'ambo ya bonde."

"Kwa nini?"

Gabrieli aliweka sahani chini. Alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Shemeji, mlinipa ng'ombe wawili wazuri. Wawili! Mtu mwenye akili zake anawalaza ng'ombe wawili wazuri zizi moja? Ugonjwa ukipita, si utapita na wote? Nikambakiza Namba Sita, Namba Saba nikampeleka kwa mtu wangu. Yeye anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Wewe umezaliwa wapi, Ulaya?"

Fabiola alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba yake mwenyewe alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na katika utoto wake wote hawakuwahi kulala nyumbani zaidi ya watatu. Wengine walikaa kwa marafiki, huku na huko, na urafiki ukakua pamoja nao. Mwongozo wa majaribio alikuwa ameuandika kwa mkono wake, kurasa thelathini. Ulikataza kumpa Tulizo majani ya viazi, ulikataza kumwogesha kwa dawa isiyojulikana, ulikataza hata kumpiga picha za biashara. Hapakuwa na mstari mmoja uliokataza kumpeleka kwa rafiki, jambo la kwanza kabisa ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya.

Nyuma yao vidole viligonga dumu, ngo, ngo, ngo. Odilia alikuwa ameketi ubavuni kwa Namba Sita, pacha mmoja mgongoni, mwingine ameng'ang'ania sketi. Ng'ombe aliusikia mlio, akashusha maziwa palepale, akiwa anatafuna na kutazama ukuta.

"Umeona mwanamke huyo anavyotii?" alisema Odilia. "Hataki ndama, hataki nyimbo. Mwezi wa pili ndama wake alikufa kwa kuhara. Gabrieli alimwonyesha maiti. Alinusa mara moja kama mtu anayenusa kiatu, akarudi kula. Kesho yake asubuhi, lita kumi na nane." Akampangusa pacha kamasi kwa upindo wa kanga. "Nami nilikuwa kitandani na homa ya mapafu, titi halitoi hata tone. Hawa wawili walikuwa na miezi kumi. Ng'ombe yule angelia, wanangu wangelia. Usiniharibie Ijumaa yangu, Fabi. Kikundini kwetu wanawake mia na arobaini wamejiandikisha."

"Siharibu kitu, dada. Nakwenda kumwona tu."

"Basi tunakwenda wote."

*

Walimwachia Gabrieli pacha mmoja, na gari dogo la Kituo liliteremka bondeni lenyewe, likapanda upande wa pili, likasimama penye uzio wa minyaa. Juu yao kereng'ende, kama watu walivyoviita vile vyombo virukavyo vya kuchukua maziwa, kilikuwa kikiondoka na dumu tumboni kuelekea mjini.

Mama Tluway alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe kutoka mlima mwingine. Watoto wake watano walikuwa mijini na walimpigia simu kila Jumapili, wote kwa saa moja, wakigombania zamu.

"Mmekuja kumchukua," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kumchukua."

"Tumekuja kumwona tu."

"Anayekuja kuona tu haji na gari lenye nafasi ya ndama nyuma." Hata hivyo aliwafungulia lango, kwa sababu mgeni ni mgeni. "Haya, pita umwone Mwali wangu. Hilo la Namba Saba silitaki hapa. Namba wanapewa wafungwa."

Fabiola alipita, akasimama. Namba Saba alikuwa chini ya kibanda cha nyasi na ndama jike ubavuni pake. Alikuwa anamlamba. Alianzia shingoni, akapanda nyuma ya sikio, akarudi shingoni, polepole, macho nusu yamefumba, kama mtu asiye na shughuli nyingine duniani. Fabiola alikuwa ameshuhudia Tulizo mia nne wakizaa pale Kituoni. Hakuwahi kuona ulimi hata mmoja.

Hakupaswa kuuona, kwa sababu yeye ndiye aliyehakikisha hautakuwepo. Ng'ombe wa asili anapozaa, ndama akipita njia ya uzazi, mwili wa mama hupeleka habari kichwani, na kichwani hufunguka dirisha. Hukaa wazi saa mbili tatu tu. Harufu ya ndama itakayoingia humo haitoki tena, na mama huyo hatampoteza mwanawe hata katikati ya ndama mia. Fabiola alihariri herufi chache kwenye vinasaba, dirisha likabaki limefungwa. Ile homoni ya kushusha maziwa, ambayo kwa ng'ombe wa asili hungoja pua ya ndama kiweleni, ikafundishwa kujibu vidole kwenye dumu. Ng'ombe hakuumia. Alikuwa na afya, alikula vizuri, alizaa vizuri. Kitu pekee alichokosa ni kujua kwamba amezaa.

"Ulimfanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi? Ninyi ndio mlimfanya kitu!" Mama Tluway alishika kiuno. "Alizaa hapa hapa, asubuhi, mimi nimepiga magoti. Ndama anatoka, anatetemeka, amelowa. Mama yake anamruka kama anaruka gogo! Anakwenda kula majani! Nikaona aibu kwa niaba yake, wallahi, nikatazama huku na huku kama kuna jirani ameona. Nikasema huyu binti wa watu ameletwa kwangu kama mwali, hajafundwa. Basi nitamfunda mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Mkono mtupu haulambwi, si ndivyo tunavyosema? Ndama mtupu naye vilevile. Nikachukua chumvi ya ziwani, nikailoweka, nikampaka mtoto mgongo mzima. Mwali akaja. Alifuata chumvi, simsingizii. Siku ya kwanza chumvi, siku ya pili chumvi. Siku ya nne chumvi iliniishia. Nikamleta ndama hivyo hivyo mkavu. Akamlamba." Sauti ilimshuka ghafla. "Siku ya sita nilichelewa kumfungulia ndama aje anyonye. Nikasikia mtu anaguna kwa chini, mm, mm. Nikageuka. Alikuwa anamwita."

Odilia aliguna. "Na lita nne zangu ziko wapi?"

"Ziko tumboni mwa ndama. Chuchu moja yake, tatu zangu. Huoni alivyonona?"

Kweli alikuwa amenona. Manyoya yaling'aa, na kwa macho tu Fabiola alimkadiria kilo kumi na tano zaidi ya ndama yeyote aliyelelewa kwa chupa. Akili yake ya kisayansi ilianza kukimbia, haikuomba ruhusa. Dirisha lilikuwa limefungwa, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini ulimi una njia yake ya kwenda kichwani, ya kuzunguka, ndefu, ambayo hakuna mtu aliyefikiri kwamba ng'ombe angekuwa na subira ya kuipita. Huyu alikuwa ameipita kwa siku sita, kwa sababu mama mmoja alikuwa na subira badala yake.

Alijisikia fahari, na hakuelewa fahari hiyo inatoka wapi, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikiharibika ilikuwa yake.

*

"Nataka kujua jambo moja," alimwambia Mama Tluway. "Kama anachofuata bado ni chumvi, au ni mwanawe. Nitampeleka ndama pale kwenye kona kwa muda mfupi, na mama nitamwekea jiwe la chumvi mbele yake. Akilamba na kutulia, ni chumvi."

"Na asipotulia?"

Fabiola alitoa jiwe la chumvi garini, akaacha mlango wazi. Mama Tluway alimtazama usoni, kisha akamwongoza ndama mwenyewe hadi garini, akimnong'oneza kitu sikioni. Gari likaondoka lenyewe, likapotea nyuma ya kona, mita mia mbili hivi.

Mwali aliinua kichwa. Alilitazama jiwe jeupe la chumvi. Akalikanyaga akipita. Alikwenda mpaka langoni, akarudi kibandani, akanusa nyasi mahali ndama alipokuwa amelala, akarudi langoni. Kwenye simu ya Fabiola moyo ulipanda, sabini, tisini, mia na kumi na nane. Ndipo ng'ombe akalia.

Ulikuwa mlio mrefu uliotoka chini kabisa ya tumbo, ukapanda, ukakatika, akakaa kimya kidogo akisikiliza, kisha akalia tena. Katika kumbukumbu zote za Kituo, miaka kumi na moja, hapakuwa na sauti hiyo.

Fabiola aliijua hata hivyo. Alikuwa na miaka tisa ndama wa Kipara, ng'ombe wa baba yake, alipokufa. Baba aliijaza ngozi ya ndama majani makavu, akaisimamisha mbele ya mama yake, kama watu walivyofanya siku zote, na Kipara akailamba na kutoa maziwa kwa wiki nzima. Halafu siku moja akaisukuma kwa pua, ikaanguka, haikuinuka. Akajua. Alilia siku tisa. Maziwa yakakauka, mdogo wao Paulini akashindia uji mkavu, na Fabiola akalala ameziba masikio kwa mto. Alijiapia kwamba akiwa mkubwa atatafuta dawa ya kilio kile. Watu walidhani Dokta Akonaay alitengeneza Tulizo kwa ajili ya lita kumi na nane, naye aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu lita huandikika kwenye maombi ya fedha. Ukweli ni kwamba aliwatengeneza kwa mapenzi. Alitaka wasilie.

"Ni ng'ombe tu," alisema Odilia, lakini hakumtazama mtu.

Mwali akalia mara ya tatu. Bila kujua anafanya nini, Odilia alipeleka mkono mgongoni, akaushika mguu wa mwanawe ndani ya kanga, akaubana.

"Fabi, umeshajua ulichotaka kujua?"

"Nimejua."

"Basi unangoja nini?" Hakungoja jibu. Yule aliyekuja kumsuta Mama Tluway kwa sababu ya lita nne aliondoka mbio barabarani, viatu mkononi, pacha akirukaruka mgongoni na kucheka. Alirudi kwa miguu, kwa sababu hakujua kuliamuru gari, akimswaga ndama mbele yake na kumtukana kwa mapenzi kila alipotaka kusimama kula majani. Mwali alimnusa mwanawe kuanzia pua mpaka mkia, akatoa ile sauti ndogo, mm, mm, na moyo kwenye simu ukashuka hadi hamsini na sita. Hapakuwa na moyo mwingine uliotulia hivyo katika ng'ombe wote ishirini.

Odilia alikaa chini kwenye majani, akihema. "Bado nasema watu wapate maziwa," alisema kwa ukali.

"Sijakataa, dada."

*

Profesa Lwitiko, mkurugenzi wa Kituo, alikuwa mtu mwema. Fabiola angependa awe mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Ndiye aliyemlipia karo ya mwaka wa mwisho mfuko wa chuo ulipokauka, na bado kila Krismasi alimpelekea kuku. Alasiri hiyo alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Pole kwa safari, binti yangu," alisema. "Sasa tulia, hakuna kilichoharibika. Ng'ombe huyo alihamishwa kutoka kwenye kaya aliyopangiwa, sivyo? Hilo ni kosa la utaratibu. Kanuni za Kituo zinasema mnyama wa namna hiyo anaondolewa kwenye hesabu. Mwondoe, mlete Kituoni leo, ndama abaki. Ijumaa tunapeleka kumi na tisa. Si uongo. Ni utaratibu."

"Na hao elfu sita? Mtu mwingine atapaka chumvi, Profesa. Huku hakuna nyumba isiyo na chumvi."

"Ndiyo maana tuna Tulizo Pili."

Fabiola alikuwa akingoja jina hilo. Viinitete arobaini vya Tulizo Pili vililala kwenye mtungi wa baridi kali, kwenye chumba ambacho ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake. Alikuwa amevitengeneza miaka miwili nyuma, kwa tahadhari tu. Kwa Pili, njia ya ulimi nayo ilizibwa. Ng'ombe wa Pili angeweza kumlamba mwanawe mwaka mzima na asione ndani yake chochote zaidi ya jiwe la chumvi lenye miguu.

"Mwakani tutawaingiza taratibu," aliendelea Profesa. "Mkulima hataona tofauti. Ng'ombe halii, mtoto wa mtu anakunywa. Hiki ndicho ulichokitaka tangu siku ya kwanza. Ulinisimulia mwenyewe habari za yule ng'ombe wa baba yako."

"Nilikusimulia."

"Na nikimwandika Namba Saba jinsi nilivyomwona?" aliongeza Fabiola.

"Jopo litauliza swali moja: mnaweza kuziba? Nami nitajibu tunaweza. Wataahirisha ugawaji mpaka Pili wawe tayari. Msimu mzima, pengine miwili. Huyo dada yako na wenzake watangoja."

"Pili haitoki Kituoni bila sahihi ya mlezi wa mbegu. Mlezi ni mimi, na sheria inasema sahihi hiyo hairithiwi wala haihamishwi."

Sheria hiyo ilitungwa baada ya maafa ya kuku wa mwambao, zamani, na kila aina mpya ya mnyama ilikuwa na mtu mmoja aliyeibeba kwa jina lake kama mzazi.

"Fabiola," alisema Profesa, na sasa sauti yake ilikuwa ya mzee aliyechoka. "Usiniweke mahali ambapo itanibidi nichague kati yako na Kituo. Nakupenda, lakini unajua nitachagua nini. Gari litatosha ng'ombe mmoja? Nikutumie lori?"

"Niachie saa moja, Profesa."

Alirudi kibandani. Mama Tluway alikuwa amesimama kati yake na Mwali, mikono imening'inia, na kimo chake chote kilikuwa kimepungua.

"Watampeleka?" aliuliza.

"Wanataka. Ndama atabaki."

"Atalia huko."

"Atalia."

"Wewe mwanangu ni mtu mzuri, nimekuona. Ulitaka kumwondolea uchungu. Lakini uchungu ule si mzigo aliobebeshwa na mtu. Ng'ombe haelemewi na nunduye." Akapangusa pua kwa mgongo wa kiganja, akakasirika kwa kuwa ameonekana analia. "Na mimi je? Asubuhi naamka kuna watu wawili wanasalimiana hapa nje. Nilikuwa sina hilo. Basi nimesema."

Fabiola alimtazama Odilia. Huyu ndiye aliyekuwa akimwogopa, zaidi ya Profesa, zaidi ya jopo. Alimweleza yote, kwa kifupi na bila kuficha: akinyamaza, kikundi kinapata ng'ombe mwezi ujao, na mwakani wanaletewa wasioweza kufundwa na mtu yeyote. Akisema, huenda wakangoja msimu mzima, na yeye mwenyewe hatakuwa na kazi.

Odilia alimsogezea pacha titi. Sasa lilikuwa na maziwa tena.

"Mwezi wa pili," alisema, "kama ungeniuliza, ningesema ziba. Ziba kila kitu, ziba na masikio. Nilikuwa sina nguvu ya kusikiliza kilio cha mtu mwingine. Namba Sita aliniokoa kwa sababu hakujali, na sitaacha kumshukuru." Akatafakari. "Lakini ningetaka niambiwe, Fabi. Kwamba ipo chumvi. Kwamba siku nikipona, wanangu wakishiba, naweza kwenda zizini nikamfundisha kujali. Hiyo Pili inaninyang'anya hata hilo, tena bila kuniambia. Nani kawaambia hatutaona tofauti? Tunakaa nao sisi!"

"Na wanawake mia na arobaini?"

"Watanitukana. Mimi nitawajibu, kikundi ni changu. Wewe andika."

Fabiola aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua fomu ya Namba Saba. Hakumwondoa kwenye hesabu. Aliandika jina la Mama Tluway, siku sita, kiasi cha chumvi, lita kumi na nne, uzito wa ndama. Aliandika kwamba mnyama alipotenganishwa na mwanawe alilia, na kwamba aliyeandika haya alisikia. Akapendekeza Tulizo wagawiwe kama walivyo, kila kaya iambiwe wazi kwamba njia ya ulimi ipo, na namna ya kuitumia, uamuzi uwe wao. Kwenye mstari wa Tulizo Pili, palipongoja sahihi ya mlezi, aliandika neno moja, Nakataa, na chini yake jina lake lote. Alipeleka kwa wajumbe wote wa jopo kabla hajapata muda wa kujionea huruma, na nakala kwa Profesa, kwa heshima.

"Umemaliza kuandika?" aliita Mama Tluway. "Njoo basi ukamue, wakati wake umefika. Mgeni asiyefanya kazi hapati chai hapa."

"Mama, sijakamua kwa mkono miaka mingi."

"Itakurudia. Chuchu tatu ni zako, hiyo ya nyuma usiiguse, ina mwenyewe."

Fabiola alipiga magoti kwenye majani, paji la uso likaegemea ubavu wenye joto. Ndama alifika upande wake, akagonga kiwele kwa pua mara mbili kwa ufidhuli wa mtoto anayependwa. Mwali alipinda shingo, akamlamba mgongo alipoufikia, na kwa kuwa Fabiola alikuwa karibu, ulimi ukampitia naye begani. Odilia alicheka mpaka pacha akaachia titi. Maziwa yalianza kushuka, mazito, yakipiga ndani ya dumu.

Simu ililia mfukoni. Aliitoa kwa mkono mmoja. Ulikuwa ujumbe wa Profesa: Nimesoma. Lori halitakuja. Jumatatu ulete ufunguo, binti yangu, na vitu vyako vyote. Fabiola alisoma mara mbili, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu, naye hakuyapangusa. Mama Tluway aliuliza kuna nini. Alisema atamweleza baadaye, akairudisha simu mfukoni na kukamua kwa mikono yote miwili, maana ng'ombe akishaachia maziwa hamngojei mtu amalize kulia.